Mama mkwe alinikaba mchana kweupe, au niliota?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Morogoro mjini. Nauza maandazi na chai ya rangi karibu na kituo cha daladala. Kazi hii niliianza kabla sijaolewa, kwa hiyo kuamka usiku kwangu si jambo geni. Saa tisa usiku naamka, nakanda, naacha unga uumuke, saa kumi na nusu naanza kukaanga, saa kumi na mbili niko barabarani. Kulala ni saa tano, siku nyingine saa sita, maana watoto wakishalala ndipo napata nafasi ya kufua na kupiga hesabu.

Tangu mwezi wa sita sijielewi, Anti. Yalianza kama kichekesho. Naamka, nawasha jiko, nakanda, nasikia kabisa unga unavyonata vidoleni, namimina mafuta kwenye karai. Mara simu inalia. Kumbe niko kitandani, beseni kavu, mfuko wa unga umefungwa vilevile nilivyouacha. Kuna siku niliizima simu nikageuka upande wa pili kwa amani kabisa, kwa kuwa moyoni nilijua nimeshakaanga yote. Niliamka saa moja asubuhi. Mume wangu alicheka, na mimi nikacheka.

Halafu likaja la kikoba. Mimi ndiye mweka hazina. Sanduku letu lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake, lakini wenzangu wengine huniletea marejesho nyumbani kabla ya siku ya kikao. Mwanzoni mwa Agosti mwenzetu mmoja aliniletea 30,000. Mpaka sasa namwona: amesimama mlangoni, kanga imelowa mvua chapachapa, ananipa noti tatu za elfu kumi, moja imekunjwa pembe. Siku ya kikao nikasema mbele ya watu wote kwamba fulani ameshalipa, hela ninayo mimi. Mwenyewe akaniangalia akasema, "Mweka hazina, mimi sijakupa kitu. Nimekuja kuomba mniongezee wiki." Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Nilirudi nyumbani nikapekua mpaka ndani ya viatu. Hakuna. Hebu fikiria, mtu anadai hajalipa na mimi namng'ang'ania kuwa amelipa! Nilimpa mwenyekiti 30,000 ya mtaji wangu ili yaishe.

Sasa kubwa lililonifanya niandike. Mama mkwe amehamia kwetu tangu Machi, baada ya baba mkwe kufariki. Ametoka kijijini, Kahama. Hatujawahi kugombana, ila aliwahi kuniambia kwamba mwanamke mzima halali mchana kama mgonjwa. Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka kwenye biashara, nikajilaza chali kitandani, ilikuwa kama saa nane mchana. Nikafumbua macho. Naona neti, naona dirisha, nasikia redio ya jirani. Siwezi kunyanyua hata kidole. Mama mkwe amesimama mlangoni. Akaja taratibu, akaniwekea mikono miwili kifuani, akakandamiza. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Mara akapotea, nikaweza kuinuka. Nilipotoka uani nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua maharage na mwanangu mdogo yuko mapajani kwake. Limeshanitokea mara tatu, na kila mara ni yeye.

Nilimwambia mama yangu mzazi, na hapo ndipo nilipoharibu, maana sasa ukoo mzima unajua. Mama anasema niondoke kabla sijafa, na huyo mama asiguse unga wangu wa biashara. Alikuwa ameomba anisaidie kukanda, nikamkatalia. Mganga mmoja ametaka 150,000 ili "amtoe hadharani". Kaka yangu anasema hela ya nini wakati tunamjua, Jumapili anakuja na vijana "kuongea naye". Mume wangu hasemi chochote. Mchungaji ameniombea mara mbili. Mama mkwe mwenyewe siku hizi anakula peke yake chumbani na mlango anafunga kwa ndani.

Anti, ninarukwa na akili? Ni yeye kweli au si yeye? Na kama niliweza kukaanga maandazi ambayo hayakuwepo na kupokea hela ambayo hakuna aliyenipa, nitajuaje kwamba hata barua hii siandiki usingizini?

Mama Maandazi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mama mkwe, kwa sababu ya kikoba yanaweza kusubiri wiki, kaka yako hasubiri.

Ulichokiona saa nane mchana ulikiona. Sisemi umetunga. Ila mtu uliyemwona mlangoni hakuwa mtu, na yule wa uani mwenye maharage na mtoto mapajani ndiye mama mkwe wako. Kilichokupata kinafahamika sana: ni jinamizi. Tafiti nyingi zilipojumlishwa zilionyesha kwamba takriban asilimia 8 ya watu huwapata walau mara moja maishani, na kwa watu wenye usingizi wa vipande kama wako idadi hupanda. Kwenye daladala moja iliyojaa pale kituoni kwako hawakosi abiria wawili wanaokijua, ila hawasemi.

Kinatokeaje? Usingizi huenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 90 hivi. Ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ubongo huchangamka karibu sawa na wa mtu aliye macho. Ndoto ndefu zenye visa na watu nyingi hutokea hapo. Kipindi hicho kilielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kikifika, shina la ubongo huifunga misuli ya mwili, isipokuwa ya macho na ule msuli mkubwa chini ya mapafu unaotuvutia pumzi. Ni jambo jema. Miaka ya 1960 kule Lyon, Ufaransa, Michel Jouvet aliharibu kijisehemu kidogo cha shina la ubongo wa paka, pale panapotoka hilo fungio. Paka wale, wakiwa wamelala fofofo, walisimama, wakanyata, wakarukia mawindo ambayo hayakuwepo. Bila fungio hilo wewe ungekuwa unakanda unga hewani kila alfajiri na mumeo ana nundu usoni.

Kwa kawaida ndoto ikizimika na fungio linafunguka. Mara nyingine mambo hayo hupishana. Akili inaamka na macho yanafumbuka, lakini mwili bado umefungwa na ndoto bado inaendelea. Ndiyo maana neti ilikuwa neti ya kweli, dirisha la kweli, redio ya jirani ya kweli, na katikati ya ukweli wote huo ndoto ikaweka mtu. Uzito wa kifuani nao una sababu yake: ukijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu, misuli ya mbavu haikutii, na ubongo ulioshikwa na hofu hutafsiri kwamba kuna aliyekukalia. Hofu hiyo haikufuata baada ya kumwona mtu. Huanza yenyewe, kisha ubongo hutafuta sura ya kuivisha.

Na sura unayovishwa ni ya mahali unapoishi. Kule Newfoundland, Kanada, watu wamesimulia kwa vizazi juu ya kikongwe anayepanda kitandani na kuwakalia kifuani. Pemba na Unguja mwaka 1995 alikuwa Popobawa. Watu walilala nje kwa makundi wakiota moto wasije wakakutwa vyumbani, na kabla hofu haijapoa mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Wewe, chumba chako kina mama mmoja mgeni, na ndiye aliyekwambia mwanamke mzima halali mchana. Umelala mchana. Ubongo wako ungemtafuta nani mwingine?

Kuhusu uchawi wenyewe, upo au haupo, sitabishana nawe katika safu hii. Kila mtu ana alivyolelewa. Ninachokukatalia ni kumfanya jinamizi kuwa shahidi. Wewe ni Mkristo, na Mhubiri sura ya tano anasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Jirani yako Mwislamu atakwambia ndoto nyingine ni mawazo ya mtu mwenyewe tu, na kwamba Mtume alimkataza bwana mmoja kuwasimulia watu ndoto yake mbaya ya kukatwa kichwa. Dini zote mbili zina ndoto za manabii na bado zina tahadhari hii. Wewe uliisimulia kwa mtu ambaye hakuona hata hilo jinamizi, naye akawasimulia wengine, na sasa kuna vijana wanaojiandaa kwa Jumapili.

Halafu angalia huyu mama katokea wapi. Kahama, mkoa wa Shinyanga. Huko na Mwanza, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kupikia maisha yao yote. Mama wa umri wake aliyekulia huko amezika watu hao. Anajua fika mlolongo unavyokwenda: kwanza watu wanapunguza maneno wakikuona, kisha hawataki uguse chakula, kisha mganga anatajwa, kisha vijana wanakuja "kuongea". Wewe umeandika kwamba anakula peke yake na kufunga mlango kwa ndani kana kwamba hiyo ni dalili nyingine dhidi yake. Mimi nikiisoma naona mwanamke anayeogopa kuuawa.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamtia hatiani hata yule anayemtaja mtu mtaani kuwa mchawi. Mganga aliyetaka 150,000 ili "amtoe hadharani" anakuuzia kosa la jinai. Kwa biashara yako hiyo ni siku ngapi za kukaanga? Usimpe hata mia.

Mumeo nimemkasirikia kidogo, lakini nitamwacha. Mpe ukurasa huu asome. Akimaliza, kazi yake ni moja: amwambie mama yake, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba nyumba hii ni yake na hakuna atakayemgusa.

Sasa lile swali lako la mwisho, kama unaandika usingizini. Usidhani ni swali la mtu aliyechanganyikiwa. Mwaka 1641 Mfaransa René Descartes aliandika kwamba ameketi karibu na moto amevaa joho lake, kisha akakumbuka ni mara ngapi ameota kwamba ameketi pale pale amevaa vile vile, akashikwa na butwaa. Aliendelea na mashaka hayo kurasa nyingi. Mwishoni alikubali kitu kimoja ambacho mtu wa kikoba anakielewa haraka kuliko wanafalsafa: mambo ya macho yanaungana. Jana inashikana na leo, mtu aliyekuja alitoka mahali na akaenda mahali. Ya ndotoni hayaungani na maisha yaliyobaki.

Jaribu na zile 30,000. Unasema mwanzoni mwa Agosti, na kanga imelowa chapachapa. Agosti, Morogoro mjini? Najua Uluguru ina visa vyake na manyunyu huweza kushuka siku yoyote, lakini ya kulowesha mtu chapachapa ungekumbuka pia umeanua nguo, umehamisha jiko, watoto wameingia na matope. Unakumbuka? Na ulipopokea noti ulizitia wapi? Ulimwambia nini? Aliondoka akielekea upande gani? Nadhani utakuta picha moja kali sana, mlango, kanga, noti yenye pembe iliyokunjwa, na kabla yake na baada yake pametupu. Ndoto nyingi ziko hivyo. Ukali wa picha ndio uliokudanganya, maana tumezoea kuamini kwamba kinachoonekana wazi ndicho kilichotokea.

Kumbukumbu haiji na lebo inayosema ilitoka wapi. Mwanasaikolojia Marcia Johnson wa Marekani alilichunguza jambo hili na wenzake katika miaka ya 1980, wakitumia hata ndoto za watu: akili hukisia chanzo cha kumbukumbu kwa kuangalia ina rangi gani, ina sauti gani, inahusiana na nini. Kwa kawaida hukisia vizuri. Ndoto nyingi pia hufutika haraka, kwa sababu wakati wa kuota zile kemikali zinazosaidia kugandisha kumbukumbu, kama noradrenalini, zimeshuka sana, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza, hii haiwezekani", imepoa. Ila ukigutushwa na simu katikati ya ndoto, unaamka nayo mkononi ikiwa mbichi. Na kama ni ndoto ya mambo ya kawaida ndiyo hatari zaidi. Ukiota unaruka juu ya bwawa la Mindu hutaiuliza asubuhi. Ukiota mtu amekuletea rejesho, utaishuku kwa lipi? Anakuleteaga kweli.

Wengi wameshamnunia mume siku nzima kwa jambo alilofanya ndotoni tu, na wengine wamemjibu bosi kwamba "ule ujumbe nilikutumia". Tofauti yako ni kwamba wewe unashika hela za watu, kwa hiyo aibu yako ilikuwa na mashahidi. Acha kupokea marejesho nyumbani. Kikoba kina kikao, kina sanduku, kina watu watatu wenye funguo. Utaratibu huo uliwekwa ili pasiwe na mtu mmoja ambaye kumbukumbu yake ndiyo benki. Ikibidi kabisa upokee, andika papo hapo kwenye kijitabu chake yeye na chako, mbele yake, atie sahihi. Kisha ile 30,000 uliyotoa mfukoni: mwambie mwenyekiti akurudishie. Hukupokea chochote. Aliyekopa bado anadaiwa, na amesema mwenyewe. Huna sababu ya kulipa deni la mtu kwa kuwa ulimwota.

Tuje kwenye mzizi. Saa tano hadi saa tisa ni saa nne, siku nyingine tatu. Vipindi vya ndoto huwa vifupi mwanzo wa usiku na virefu kuelekea alfajiri. Wewe simu inalia wakati vile virefu ndiyo vinaanza. Ubongo unadai. Ndiyo maana ukijilaza mchana ukiwa hoi unaweza kutumbukia kwenye ndoto ndani ya dakika chache, bila kupita kwanza kwenye usingizi mzito kama kawaida, na ukiingia kwa mlango huo kupishana kwa akili na mwili kunakuwa rahisi sana. Kulala chali nako kunachangia. Yale maandazi ya usingizini ni ya familia hiyo hiyo: ubongo unajua kuna kuamka, una hofu ya kuchelewa, basi unakuamsha ndani ya ndoto ili uendelee kulala.

Dawa ya kwanza, basi, ni saa za kulala, na najua utasema Anti haijui biashara. Naijua. Nimekaanga maandazi miaka kadhaa kabla sijashika kalamu. Unakanda saa tisa kwa sababu unatia hamira nyingi ili uumuke haraka. Kanda saa mbili usiku badala yake. Hamira punguza mpaka kama robo ya unayotia sasa, tumia maji baridi kabisa, paka mafuta juu ya donge, funika beseni, liweke sakafuni penye ubaridi. Litaumuka polepole usiku kucha. Anza na kilo moja uone, maana joto la Desemba si la Agosti na unga ukizidi kuumuka unachachuka. Ukiona hivyo punguza hamira tena. Sasa unaweza kuamka saa kumi na robo, ukate, ukaange. Kufua hamishia asubuhi ukitoka kuuza. Ulale saa tatu na nusu. Utakuwa umepata karibu saa saba, na andazi litakuwa na ladha nzuri kuliko la haraka, wateja watakwambia.

Na anayekanda saa mbili usiku awe mama mkwe. Aliomba mwenyewe. Usimpe kama mtihani wa kuona kama utakufa; mpe kama ungempa mama yako.

Mchana ukitaka kujinyoosha, lala ubavu, dakika 20 hivi, weka simu ikuamshe. Jinamizi likija tena, na huenda likaja mara mbili tatu kabla usingizi haujakaa sawa, usipigane nalo kwa mwili mzima, maana kupigana ndiko kunakoongeza kukosa pumzi. Pumua taratibu tu, hewa inaingia hata kama kifua kinakataa. Peleka nia yote kwenye kidole kimoja cha mguu au kwenye ulimi, ukitikise. Kikitikisika tu, mwili wote hufunguka. Omba kimoyomoyo kama ulivyozoea, maombi hutuliza pumzi. Ukishaamka inuka, nawa uso, usirudi kulala papo hapo kwa mkao ule ule.

Hukusema kama unatumia dawa yoyote. Nauliza kwa sababu zipo zinazochochea ndoto kali: mefloquine ya malaria, baadhi ya dawa za presha kama propranolol, na efavirenz, ambayo wengi waliokuwa kwenye ARV miaka ya nyuma wanaikumbuka kwa ndoto zake kabla dolutegravir haijachukua nafasi. Kama unatumia mojawapo, usiiache kwa sababu ya barua ya Anti. Nenda ulipopewa, waambie unaota vipi.

Na hospitali nenda mapema, usisubiri hamira ifanye kazi, kama unaona mojawapo ya haya: unasikia sauti au unaona watu mchana ukiwa umesimama, umeamka kabisa, unahudumia wateja, usingizi unakudondosha ghafla katikati ya kazi, au magoti yanalegea ukicheka sana, unakoroma kisha pumzi inakatika, mumeo atakuwa anajua, au huzuni imekukalia na chakula hakipandi. Omba kuonwa kitengo cha afya ya akili hospitali ya mkoa. Kwa ulivyoandika, sioni mtu anayerukwa na akili. Aliyerukwa kwa kawaida haulizi kama ameota, wala hapekui viatu akitafuta hela. Lakini mimi nasoma karatasi, daktari atakuona usoni.

Kaka yako sasa. Mpigie leo, usimtumie ujumbe, na mama yako awe anasikia. Mwambie hivi: "Kaka, nilikuwa nimelala. Mama mkwe alikuwa uani na mtoto, nilimkuta mwenyewe. Nilichoona ni jinamizi, nimeshaelewa sababu yake. Jumapili usije na mtu. Ukija, njoo na mkeo, mle chakula atakachopika mama." Akikupandishia sauti, usibishane naye habari za wachawi, rudia tu kwamba ulikuwa umelala. Akisema atakuja hivyo hivyo, usiku huu huu mumeo aende kwa mwenyekiti wa mtaa, na kesho asubuhi polisi, dawati la jinsia, atoe jina la kaka yako na majina ya hao vijana anaowajua. Utaona ni usaliti kumtaja ndugu yako. Mtaje.